Simu Iliyovimbiwa na Ushahidi

Fundi wa mageti alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuchomelea vyuma. Ya pili ilikuwa kuwa na wasiwasi.

Kila asubuhi alitoa mashine yake nje ya karakana, akavaa miwani, akaanza kazi. Cheche ziliruka. Baada ya muda mfupi alizima mashine, akajifuta mkono kwenye suruali, akatoa simu. Alifungua programu ya hisa na kuangalia bei. Kisha alibonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Kacha! Simu ikapiga picha ya kila kilichokuwa kwenye kioo.

"Unapiga picha ya nini tena?" aliuliza mke wake. Watu walimwita Mama Pacha, maana watoto wao walizaliwa wawili kwa mpigo.

"Ushahidi," alijibu Fundi. "Siku wakisema hatuna hisa, nawaonyesha."

"Nani atasema?"

"Sijui. Ndiyo maana napiga."

Hisa zenyewe zilikuwa za kiwanda cha saruji. Walizinunua kidogo kidogo kwa kutumia simu, na walikuwa na shabaha moja tu. Mama Pacha alikuwa akifanya usafi katika wodi ya wazazi. Kila siku alipiga deki huku akiwatazama wakunga wanavyopokea watoto. Kila siku alijiambia, hata mimi naweza. Mwaka huu chuo cha ukunga kilimpa nafasi. Lakini ada ilitakiwa kufika kabla ya Ijumaa. Asiyelipa, nafasi yake anapewa mwingine.

Leo ilikuwa Jumatatu. Ukiuza hisa, hela haifiki benki siku hiyohiyo. Inachukua siku kadhaa. Kwa hiyo hisa zilitakiwa kuuzwa leo, kabla soko halijafungwa alasiri.

"Baba Pacha, uza basi," alisema mke wake.

"Nauza. Namalizia dirisha hili la mteja."

Alipomaliza dirisha, programu haikufunguka. Kiduara kilizunguka, kikazunguka, kikazunguka. Kioo kikawa cheupe. Kisha yakaja maneno: Nafasi ya kuhifadhi imejaa.

Fundi alizima simu, akaiwasha. Mambo yaleyale. Alimpigia wakala wa hisa. Sauti ya kike ilisema, "Tafadhali subiri. Simu yako ni muhimu sana kwetu." Muziki ukapigwa.

"Kama ni muhimu si mpokee!" Fundi alifoka. Muziki ukaendelea.

Alikata simu, akaingia kwenye picha na kuanza kufuta. Alichagua video ndefu kwanza, maana aliwahi kusikia kuwa video ni nzito. Pacha wanatambaa. Futa. Pacha wanacheka na povu la sabuni kichwani. Futa. Ushahidi hakuugusa hata kidogo.

Mama Pacha alichungulia begani kwake.

"Video za watoto ziko wapi?"

Fundi aliifunika simu kwa kiganja.

"Baba Pacha! Umefuta watoto ukaacha bei ya saruji?"

"Nilikuwa natafuta nafasi..."

Mama Pacha hakusubiri amalize. Alitoka mbio hadi nyumba ya pili, kwa mdogo wake. Huyu dada alifundisha kompyuta katika chuo cha ufundi, na siku hiyo alikuwa nyumbani anasahihisha mitihani. Walirudi pamoja, kalamu nyekundu ikiwa bado mkononi mwa yule mwalimu. Walimkuta Fundi ameingia kwenye mipangilio ya simu. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe kilichoandikwa Futa data.

"Shemeji! Toa kidole hapo!" alifoka mdogo wake Mama Pacha.

Fundi aliruka kama aliyeguswa na chuma cha moto. "Nasafisha tu!"

"Nenosiri la programu unalikumbuka?"

"Nalikumbuka."

"Na namba ya simu uliyojiandikishia?"

"Ni ile laini ya zamani."

"Iko wapi?"

"Ilikufa pamoja na simu ya zamani. Ilitumbukia kwenye ndoo ya rangi."

Yule shemeji mwalimu alishika kiuno. "Basi nisikilize. Ukifuta data, programu inakusahau kabisa. Itakuuliza wewe ni nani. Kisha itatuma namba ya siri kwenye laini ya zamani. Utaipokelea wapi, ndani ya ndoo?"

Mama Pacha aliketi kwenye rundo la mabomba. "Kwa hiyo hisa zingepotea?"

"Hapana, dada. Hisa hazikai kwenye simu. Zimeandikwa kwenye kompyuta za soko na za wakala. Simu ni dirisha tu. Dirisha likikataa kufunguka, vyombo vya ndani viko palepale. Lakini mngetakiwa kwenda ofisini na kitambulisho, mjaze fomu, msubiri. Na leo hatuna muda wa kusubiri."

Aliwasogezea simu wote wawili waone.

"Tazameni. Vitufe ni viwili. Hiki cha Futa data tusikiguse. Tunataka hiki cha Futa kashe. Simu nyingine zimeandika Futa akiba, ni kitu kilekile, wala si akiba ya benki. Kashe ni vitu ambavyo programu inaviweka kando ili ifunguke haraka. Michoro ya bei, vijipicha, mambo hayo. Ukivifuta, itavichukua tena kwenye mtandao. Haikutoi kwenye akaunti yako."

"Bonyeza wewe, shemeji," alisema Fundi.

"Mimi siendi chuo. Abonyeze mwenye safari."

Mama Pacha alifuta kidole kwenye kanga, akabonyeza. Wakafungua programu. Bei zikatokea! Fundi alipiga makofi. Kabla makofi hayajaisha, kioo kikawa cheupe tena.

"Simu bado imejaa," alisema shemeji. "Kashe tumeipunguza, lakini kuna kitu kingine kinakula nafasi." Aliingia kwenye picha. Alivuta kwa kidole. Akavuta tena. Bei ya asubuhi. Bei ya baadaye kidogo. Bei ileile. Bei ileile, na kidole gumba cha Fundi.

"Shemeji, hivi vyote ni nini?"

"Ushahidi."

"Hakimu wa kuangalia hizi zote atastaafu hajafika katikati!"

"Cheka tu. Mteja aliwahi kukana mchana kweupe kuwa nilimchomelea geti, na geti limesimama nyumbani kwake! Sikuwa na ushahidi."

Shemeji aliacha kucheka. "Pole. Lakini picha ya bei haisemi hisa ni za nani. Ushahidi wa kweli ni taarifa ya akaunti. Unaiomba kwa wakala. Inaonyesha kila ulichonunua na kila ulichouza, na jina lako juu."

Fundi aliishika simu kwa mikono miwili. Nje jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa pili wa karakana.

"Baba Pacha," alisema mke wake taratibu. "Mimi nataka kwenda shule."

Fundi alizichagua picha za bei zote. Akafumba macho. Akafuta.

Maneno yalikuwa yaleyale. Nafasi imejaa.

"Nimefuta na bado!" alifoka Fundi.

"Umezitoa sebuleni ukazitia kwenye ndoo ya taka," alisema shemeji. "Ndoo yenyewe bado iko ndani ya nyumba. Fungua pale palipoandikwa Taka. Lakini ngoja, usimwage bado! Angalieni kwanza."

Humo ndani, kati ya bei za saruji, pacha walikuwa wakicheka na povu kichwani. Mama Pacha alizirudisha video zote, moja moja. Kisha Fundi akamwaga ndoo.

Programu ilifunguka. Iliomba nenosiri. Shemeji aligeuka akatazama ukuta.

"Hata mimi nisilione," alisema. "Wala fundi wa simu, wala yeyote. Na programu za matangazo zinazosema zitakusafishia simu, usizipakue."

Fundi aliandika. Uza. Thibitisha. Kiduara kikazunguka. Oda imepokelewa. Wakasubiri. Hisa zimeuzwa. Muda mfupi baadaye soko likafungwa.

Kesho yake Fundi alikwenda ofisini kwa wakala na kitambulisho. Alibadilisha namba ya simu, akaomba taarifa ya akaunti. Tangu hapo, kila Jumapili yeye na mkewe hukaa na simu, hufuta wasichohitaji, humwaga taka, na kuacha nafasi kidogo.

Hela ilifika Alhamisi. Ada ikalipwa.

Siku ya kufungua chuo, Mama Pacha alifika mlangoni na begi na ndoo mpya. Mlinzi alimtazama, akatazama nyuma yake, akatafuta.

"Karibu, mama. Mwanafunzi uliyemleta yuko wapi?"

"Ndiye mimi," alisema Mama Pacha, akapita.