Brauza Isiyokumbuka Kitu

Haya aliniapia shoga yangu mshonaji, na yeye si mtu wa porojo. Kila alipotafuta mitindo ya magauni kwenye kompyuta, brauza, ile programu ya kuingilia mtandaoni, ilimletea kwenye kisanduku cha kutafutia maneno aliyokuwa akiandika marehemu mdogo wake alipougua: "nitapona lini". Akachoka kulia.

"Hamia brauza nyingine, fundi mwenzangu," fundi kompyuta aliyemwita alimwambia. "Hii mpya haikumbuki kitu." Akaiweka, akaifuta ya zamani, akaenda zake.

Mchana uleule umeme ukakatika. Chumba kisicho na dirisha kikawa giza totoro, cherehani ikanyamaza. Katika ukimya ule akasikia kibodi ikibonyezwa, polepole, herufi moja moja.

Umeme uliporudi, aliwasha kompyuta, akafungua brauza mpya. Kisanduku cha kutafutia kilikuwa kimeshaandikwa: "dada, mbona umezima taa".