Waya wa Tatu

Harufu ya udongo mbichi ilianza saa tano asubuhi ndani ya duka la vitenge la Umakant, Mchafukoge, ingawa mvua haikuwa imenyesha kwa miezi miwili. Heriel aliisikia akiwa amepiga magoti mbele ya swichi, kisanduku kinachogawa mawasiliano kwa kompyuta zote ambazo tajiri wake alizileta kutoka Dubai. Aliijua harufu ile. Siku arobaini zilikuwa zimepita tangu amzike mkewe, Winifrida.

"Fundi, bado tu? Wateja wananiona mimi juha!" Umakant alifoka kutoka kaunta.

"Naongeza waya wa pili, bosi. Zikiwa mbili zitakuwa njia moja pana mpaka ghorofani."

Kazi hiyo ina utaratibu wake. Kwanza unaziamuru swichi zote mbili, ya chini na ya juu, zizihesabu nyaya hizo kuwa kitu kimoja. Ndipo unachomeka waya wa pili, na taa ya tundu lake huwaka pale tu ncha ya pili inapopata mashine ya kuzungumza nayo. Ukitangulia kuchomeka, ujumbe hupanda kwa waya huu na kushuka kwa ule, ukizunguka bila kufa. Heriel alilijua hilo. Lakini mawazo yake yalikuwa makaburini, na mkono ukachomeka.

Taa zote za swichi zikawaka kwa pamoja, zikaacha kupepesa. Kompyuta zikaganda. Kisha kwenye spika ndogo ya mezani ikaja sauti ya Winifrida, taratibu.

"Heriel. Ongeza waya wa tatu. Njia bado nyembamba, sipiti."

Simu ya mezani ikalia. Alikuwa Vicky, binti yao, karani wa ghorofani.

"Baba, unamsikia?" alinong'ona. "Ananiambia nichomeke waya."

"Usiguse kitu, mwanangu."

"Baba, ni mama!"

Alitamani iwe hivyo. Siku zote arobaini alimwomba Mungu amjalie kuisikia sauti ile hata mara moja. Lakini tangu binti azaliwe, Winifrida hakumwita mumewe kwa jina. Alimwita Baba Vicky, hata siku anakata roho. Heriel ni jina aliloliandika mwenyewe ndani ya swichi asubuhi ile. Kilichokuwa kikisema kilijua tu yaliyomo ndani ya nyaya.

"Si mama yako. Kwa jina la Yesu, toa mkono hapo. Vicky? Vicky!"

Simu ilikuwa kimya. Akazing'oa nyaya zote mbili, sauti ikakatika, Umakant akapiga kelele nyuma yake, naye akakimbilia ngazi, harufu ya udongo ikizidi kila hatua kana kwamba hapandi bali anateremka kaburini, akisali Baba Yetu, akipotea katikati na kuanza upya, mpaka akausukuma mlango.

Vicky alikuwa ameketi sakafuni, ametulia. Waya wa tatu ulikuwa umechomekwa kwenye swichi. Ncha yake ya pili alikuwa ameibana kwa meno.

Taa ya tundu lile ilikuwa inawaka.