Baba Alipoanza Kunong'ona

Kila asubuhi Mshale alifagia maranda katika karakana ya baba yake, kisha akatoka mbio mpaka shuleni. Jina hilo la utani alilipata kwa miguu yake myepesi, na mwaka huu yeye ndiye aliyetegemewa kumalizia mbio za kupokezana vijiti. Baba yake, fundi seremala, alikuwa mtu wa sauti kubwa. Msumeno wa umeme ulimzoesha kupiga kelele, hata chumvi mezani aliiomba kama anayeita mtu ng'ambo ya mto.

Siku moja muuguzi alikuja shuleni kuwapima watoto. Aliweka kipimo kifuani mwa Mshale, akakunja uso, akasikiliza tena.

"Moyo wako una mvumo," alisema. "Ni sauti laini, kama maji yanayopita kwenye mpira. Mara nyingi si jambo baya, ila lazima daktari akuone kabla ya mashindano."

Jioni hiyo, baada ya kusoma barua ya muuguzi, baba alinong'ona. Mama naye alinong'ona. Mshale alipoingia jikoni walinyamaza, akabaki bibi tu akinung'unika kuhusu watoto wa siku hizi na mbio zao zisizokwisha. Mshale aliogopa kuliko alivyoogopa mbele ya muuguzi. Akagonga kikombe mezani.

"Moyo ni wangu! Semeni na mimi nisikie!"

Baba alikuna kichwa. "Haya, mwanangu. Keshokutwa tunakwenda hospitali wote."

Kesho yake wenzake wa timu walimzunguka. "Daktari akikuuliza, sema huna shida yoyote. Ukiropoka, tumekwisha!"

Hospitalini, daktari, mwanamke mpole mwenye miwani, alisikiliza moyo, kisha akauliza, "Huwa unapata kizunguzungu?"

Mshale aliwaza uwanja na kijiti. "Hapana" moja tu, angekimbia.

"Ndiyo, Daktari. Nikimaliza mbio naona giza. Juzi nilishika ukuta nisianguke. Mwalimu aliponiuliza, nikamwambia nafunga kiatu."

Mama aliziba mdomo kwa kiganja. Daktari aliagiza damu ipimwe na moyo upigwe picha. Moyo ulikuwa mzima, kilichopungua ni damu. Ikipungua, moyo huisukuma kwa kasi, na mvumo husikika. Daktari akampa vidonge vya kuongeza damu na kumkataza kukimbia mpaka apone.

Mashindano yalipofika, Mshale alikaa pembeni akiwashikia wenzake viatu. Walishika nafasi ya tatu, na ilimuuma sana. Hata hivyo hakukata tamaa. Alimeza vidonge vyake kila siku, akala maharage na mboga za majani mpaka bibi akakosa la kunung'unikia.

Muhula uliofuata walirudi kwa daktari. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Je, Daktari?" baba alinong'ona.

"Sema kwa sauti, baba. Mvumo haupo tena. Aanze mazoezi."

Baba alishangilia hata wagonjwa waliokuwa nje wakashtuka. Daktari akamgeukia Mshale.

"Kipimo hiki kinasikia moyo, lakini hakisikii unachoficha. Ungesema huna kizunguzungu, ningekuruhusu kukimbia, na ungeanguka uwanjani. Mwili ukikuambia kitu, hata kwa sauti ndogo, mwambie mkubwa upesi."

"Nimesikia, Daktari," alisema Mshale. Kisha akainama kufunga kiatu, na safari hii kamba ilikuwa imefunguka kweli.