Majina Thelathini na Moja

Kila asubuhi Genoveva aliamka saa kumi na mbili na nusu, akaoga, akachemsha chai na kuacha kikombe kimoja mezani, kimefunikwa kwa kisahani. Kikombe hicho kilikuwa cha mama yake, Benedicta, aliyekuwa akifanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mama alifika miguu imevimba wakati binti akifunga kamba za viatu vya shule. Walikutana mlangoni, mmoja akiingia na mwingine akitoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao mpaka alasiri.

Lakini wiki ile ya Septemba, mwaka 2009, utaratibu ulivurugika. Ili afike jikoni, Genoveva alilazimika kuruka watu wanne waliolala sakafuni sebuleni kama magunia ya viazi. Mmoja wao alikuwa Mjomba Japhet, mdogo wake mama, aliyehamia Uingereza akiwa kijana. Mjomba alipiga gitaa la besi katika bendi ya muziki wa roki kutoka mji wa Leeds. Jina la bendi, kwa Kiingereza chao, lilimaanisha Mwavuli wa Bati. Mama aliposikia jina hilo alicheka mpaka akakaa chini.

Genoveva hakucheka. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikuwa amewaambia wenzake darasani kwamba mjomba wake ni staa. Alisema atakuja na basi lenye vitanda, atafikia hoteli kubwa, na watu watapanga foleni kumwona. Mjomba alikuja na gari la kukodi ambalo mlango wake ulifungwa kwa kamba. Akafikia kwao St. James Town, mtaa wa Toronto, ghorofa ya kumi na sita, katika jengo ambalo lifti zake hufanya kazi zinapojisikia. Bafu lote lilijaa soksi zilizoanikwa.

Siku mbili za kwanza mama aliwapikia wageni wake wali, maharage na chapati. Siku ya tatu alisimama katikati ya sebule, mikono kiunoni.

"Japhet, waambie wenzako kwa Kiingereza. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe."

Mjomba akatafsiri. Tess, mwanamke aliyepiga ngoma, akachukua ufagio. Gareth mwimbaji akamenya viazi, akajikata kidole, akaendelea kumenya. Wa nne, mpiga kinanda, akatumwa kwenye chumba cha kufulia, chini ya jengo, kufua mashuka. Hakuna aliyelalamika. Walikuwa watu waliochoka kiasi kwamba hata kulalamika kungewagharimu nguvu.

Jioni ile Mjomba Japhet alimwonyesha Genoveva daftari lenye jalada la kijani, pembe zake zimechakaa.

"Hili ndilo bosi wetu," alisema. "Hatuna kampuni. Santuri tunarekodi wenyewe, fulana tunachapa wenyewe, gari tunaendesha wenyewe. Kila tunapopiga muziki tunaweka daftari mezani. Anayetupenda anaandika jina na anwani yake ya barua pepe. Kisha mimi namwandikia, mmoja mmoja, kwa jina lake. Miaka minane sasa."

"Kwa nini usiwaandikie wote barua moja?" Genoveva aliuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Kiswahili chake kilitumika zaidi kwa shikamoo na kwa kuomba msamaha.

"Kwa sababu mtu ameandika jina lake kwa mkono wake. Mahali penye majina mengi, tunarudi. Mahali penye majina machache, tunapita." Alipiga mwayo mrefu. "Na safari hii tusipopata mji wa kurudi, nadhani tumefika mwisho. Tess amesema wazi. Duka la mikate alilokuwa akifanyia kazi zamani linamwita."

Jumamosi bendi ilipiga kwenye tamasha la mtaa, mchana kweupe, kwenye jukwaa dogo mwisho wa barabara. Genoveva aliketi kwenye meza ya daftari, akiwa na kalamu tatu. Watu walikuja, wakasimama kidogo na mahindi yao ya kuchoma, wakaondoka. Gareth aliimba mpaka shingo ikatoka mishipa. Mjomba alipiga besi amefumba macho, na alipoyafumbua baada ya kila wimbo aliangalia upande wa meza.

Kwamboka, rafiki yake Genoveva wa ghorofa ya kumi na nne, alikuja kusimama kando yake.

"Sasa huyu ndiye yule staa wako?" aliuliza. "Mbona hakuna anayeandika?"

"Wataandika. Kuna watu wengi wamesema watarudi."

Hadi vyombo vinapakiwa, walioandika walikuwa tisa.

 Ndani ya gari Mjomba alipokea daftari bila kulifungua. "Nitalitazama kesho," alisema. "Leo macho hayaoni tena." Genoveva aliutazama uso wake kwenye kioo cha dereva. Akamwonea huruma sana, na akajionea aibu zaidi. Jumatatu Kwamboka angehadithia darasa zima.

Jumapili asubuhi, wageni wakiwa bado wamelala, Genoveva alichukua daftari na kalamu zake tatu akashuka chini kwenye masanduku ya barua. Kila sanduku lilikuwa na jina la mwenyewe na namba ya nyumba. Akaanza kunakili: hapa jina hili, pale jina lile. Anwani za barua pepe alitunga kichwani. Aliandika kwa wino mweusi, kisha wa bluu, kisha mwekundu, na mengine aliandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko upotoke. Alipomaliza yalikuwa majina thelathini na moja. Ukiongeza yale tisa, arobaini kamili.

Walipotoka kanisani Mjomba akalifungua. Alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama, wa pili akakaa.

"Arobaini," alisema. "Dada, njoo uone. Tess! Arobaini!"

Tess alisoma juu ya bega lake, akashika mdomo. Gareth alimkumbatia mpiga kinanda. Tangu wafike, Genoveva hakuwa amewaona wakisimama wima namna ile. Akafurahi, na furaha hiyo ikadumu kama dakika kumi. Kisha akamsikia Mjomba akipiga simu Kingston, mji wa mbele ambako walitakiwa kwenda Jumamosi ijayo kupiga kwenye ukumbi wa wanafunzi.

"Tunaomba radhi," alikuwa akisema. "Toronto wanatutaka. Tumeamua kubaki."

Halafu akapigia ukumbi mmoja wa Mtaa wa College, akawaahidi kuwaletea watu. Genoveva alisimama mlangoni. Kisha akaenda chumbani, akazificha kalamu zake tatu chini ya mto.

Jumatatu alirudi kutoka shuleni akamkuta Mjomba mbele ya kompyuta ya mama, anaandika barua. Jumanne alimkuta palepale, fulana ileile, macho mekundu.

"Zinarudi," Mjomba alisema. "Kompyuta inaniambia anwani hizi hazipo. Kosa ni langu, sisomi miandiko vizuri. Hii nilidhani ni n, labda ni u. Nimejaribu zote mbili. Hii labda ni moja, siyo l." Alisugua macho. "Huyu mama hapa nimemwandikia mara sita. Ametumia muda wake kuniandikia jina, siwezi kumwacha."

Genoveva alitazama kidole cha Mjomba. Kilikuwa juu ya jina alilolinakili kwenye sanduku la ghorofa ya tisa, kwa mkono wa kushoto.  Kama Mjomba angemlaumu mtu mwingine, labda angeendelea kunyamaza. Lakini alijilaumu mwenyewe, na alikuwa amechoka, na angejaribu mara ya saba.

"Mjomba," alisema kwa Kiswahili. "Usijaribu tena. Hayo majina niliyaandika mimi. Nilinakili kwenye masanduku ya barua. Ya kweli ni tisa tu."

Mjomba hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliondoa viganja kwenye kompyuta, akaviweka magotini.

"Kingston nimeshaifuta," alisema.

Alipiga simu kule mara moja. Nafasi yao ilikuwa imepewa wengine. Akapigia na ukumbi wa Mtaa wa College, akawaeleza ukweli wote, nao wakamjibu kwamba kwa watu tisa hawafungui mlango.

Mama alikuwa akijiandaa kwenda zamu. Alisikia yote kutoka jikoni, akaja na kanga begani, akaketi, jambo ambalo hakuwa na muda nalo.

"Kwa nini, Genoveva?"

"Nilitaka Mjomba afurahi." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Na niliwaambia darasani kwamba ni staa."

"Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Yako imeishia kwenye sebule yetu." Mama alipumua. Hakuonekana na hasira, alionekana mwenye usingizi na huzuni. "Kwanza utawaambia hawa watatu wewe mwenyewe. Kisha hao watu thelathini na mmoja ni majirani zetu. Umetumia majina yao bila ruhusa. Utabisha hodi kila mlango, uombe radhi. Na kwa kuwa utakuwa umeshafika mlangoni, uwaambie bendi ya kweli ipo, na Jumamosi itapiga muziki."

"Itapigia wapi, dada?" Mjomba aliuliza.

"Kuna ukumbi wa wapangaji hapo chini. Nitaongea na meneja. Kazi yangu hiyo. Yake ni ngazi."

Kuwaambia wale watatu ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Gareth alitoka nje. Tess akamwomba aweke alama kwenye yale majina tisa. Genoveva akayawekea vistari, kimoja kimoja. Tess akayasoma kwa sauti, pole pole, kana kwamba anaita watu aliowapoteza.

"Tisa siyo sifuri," alisema. "Japhet, waandikie tisa."

Jumatano lifti zote mbili zilikuwa zimegoma. Genoveva alishuka na kupanda ngazi baada ya shule, na Alhamisi tena, na Ijumaa. Kwamboka, ambaye alishaambiwa ukweli wote, alimsindikiza huku akimcheka hadi ghorofa ya kumi, kisha akaacha kucheka kwa sababu pumzi ilikuwa imekwisha. Kila mlango Genoveva alisema maneno yaleyale: nilitumia jina lako bila ruhusa, naomba unisamehe, Jumamosi saa tisa alasiri kuna muziki chini. Wengine walitabasamu. Mmoja alimfungia mlango usoni. Kwenye ghorofa ya kumi na moja, mzee Anverali, aliyezaliwa Tabora na kuishi Toronto miaka thelathini, alimsikiliza hadi mwisho.

"Niliandika nini, mimi?" aliuliza kwa Kiswahili safi kuliko cha Genoveva.

"Jina lako tu, mzee. Na anwani ya uongo."

"Hm," alisema mzee, akafunga mlango taratibu.

Ijumaa jioni Genoveva alilala na viatu vyake. Miguu ilimuuma kama ya mama, na kwa mara ya kwanza alijua mama anarudi na nini kila asubuhi.

Jumamosi saa tisa ukumbi wa wapangaji ulikuwa na watu sita. Saa tisa na robo walikuwa kumi na tano. Saba kati ya wale tisa walikuja, wawili wao wameleta ndugu zao. Kisha majirani wakaanza kuingia, wengine na ndara, wengine na watoto mgongoni. Yule aliyemfungia mlango usoni alikuja na mkewe. Mzee Anverali aliingia wa mwisho, amebeba kiti chake mwenyewe.

Hawakujaa. Jumla walikuwa thelathini na wanne, na spika moja ilikoroma nyimbo zote. Lakini Gareth aliimba kama siku ya tamasha, na safari hii watu hawakuondoka. Mama, aliyekuwa hajalala tangu atoke zamu, alisinzia kwenye kiti cha mbele huku mguu ukifuata ngoma.

Muziki ulipokwisha, mzee Anverali alikwenda moja kwa moja mezani.

"Nipe kalamu," alimwambia Genoveva. "Nimekuja kuliandika mwenyewe."

Nyuma yake wengine wakapanga foleni. Ilikuwa foleni fupi, lakini ilikuwa foleni.

Walipokuwa wakizungusha nyaya, Mjomba Japhet alihesabu majina mapya: ishirini na mawili. Tess alisema duka la mikate linaweza kusubiri mpaka masika, baada ya hapo hajui. Hakuna aliyeshangilia. Mjomba aliketi kwenye sanduku la spika, akamwita Genoveva.

"Sikiliza, mjomba. Miaka minane nimechoka, na bado sijawa staa. Labda sitakuwa. Uchovu wa kazi nauweza, nikilala unapungua. Lakini siku zile mbili za kuandikia watu wasiokuwepo zilinichosha kuliko miaka yote. Uongo wako ulinifurahisha Jumapili moja, ukanipotezea Kingston. Ukitaka kumsaidia mtu, mpe ukweli, hata kama ni mdogo. Juu ya tisa ya kweli unaweza kuongeza. Juu ya arobaini ya uongo huwezi kuongeza hata moja."

"Nimekuelewa, Mjomba. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe tangu ghorofa ya kumi na moja. Mzee wako yule kanieleza ulivyobisha hodi kwake." Akafunga daftari, kisha akasita. "Mbona jina lako halimo humu?"

 Katika majina yote aliyoyaandika, lake hakuwa amelifikiria kabisa. Genoveva akafungua daftari, akatafuta mahali chini ya jina la mzee Anverali, akaandika kwa kalamu moja, kwa mkono wa kulia.