Likizo ya Legiyem

Katika shamba letu la tumbaku, huku Deli, karibu na mji wa Medan, kengele hulia saa kumi na mbili asubuhi. Wanawake tuliingia bandani, tukakaa kwenye mikeka karibu na madirisha. Kazi yetu ilikuwa kuchambua majani. Ya kahawia huku, ya manjano kule. Marefu huku, mafupi kule. Tulikaa hivyo mpaka saa kumi alasiri. Aliyenyoosha mgongo alisikia sauti ya mnyapara Karso.

"Wewe! Umekuja kazini au umekuja kujinyoosha?"

Mimi naitwa Tukijah. Pembeni yangu alikaa wifi yangu Legiyem, mke wa kaka yangu Ponijan. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na miguu yake ilikuwa imevimba.

Mwaka uliotangulia, Legiyem alijifungua humo humo bandani, juu ya mkeka wake, katikati ya majani. Mtoto alilia mara moja. Kufika adhuhuri alikuwa amekufa. Karso alisimama mlangoni akasema, "Futeni huo mkeka, kazi iendelee." Nasi tukaufuta. Mpaka leo nikikumbuka kwamba tuliufuta, natamani kujipiga makofi.

Na wakati huo tulikuwa tumeshapata uhuru! Bendera ya Mholanzi ilishateremshwa, na wimbo wetu tulishauimba. Lakini Bwana Mkubwa wa shamba alikuwa Mholanzi yule yule, na mnyapara wake yule yule.

Safari hii Ponijan alisema atafanya jambo. Alifanya nini? Alimchukua kuku wangu. Kuku mwekundu niliyemfuga kwa ajili ya karamu ya siku ya tano ya mtoto, kama ilivyo desturi yetu. Akamfunga miguu, akampelekea Karso ili mkewe apewe mapumziko.

Karso alimpokea kuku kwa mikono miwili. "Nitaona la kufanya," akasema.

Kesho yake akaliona. Alimtoa Legiyem kwenye mkeka, akampeleka kwenye banda la malundo. Huko majani hupangwa lundo refu kuliko mtu, nayo hujipika yenyewe kwa joto lake. Siku ikifika, lundo lazima lipinduliwe, na wanawake wote huitwa kusaidia. Majani ya ndani yatoke nje, ya nje yaingie ndani. Ni kazi ya kuinua na kubeba kutwa nzima.

"Si mlitaka abadilishiwe kazi?" Karso akatuuliza huku akicheka.

Siku hiyo baada ya kazi tulikuwa na somo la kusoma na kuandika, katika ghala tupu la mchele. Mwalimu wetu alikuwa Rukiyah, mwanamke wa chama cha wafanyakazi, aliyekuja kwa baiskeli kutoka shamba la jirani. Niliandika jina langu kwa hasira mpaka chaki ikavunjika.

"Dada Tukijah, chaki imekukosea nini?" akauliza.

Nikamweleza yote. Rukiyah akaweka kitabu chini.

"Kuku? Mmempa mnyapara kuku ili mpewe kitu ambacho tayari ni chenu?"

"Chetu vipi?"

Akatoa karatasi mkobani, akasoma polepole. "Hii ni sheria ya nchi. Siyo ya Mholanzi, ni yetu. Mwanamke mfanyakazi apumzike mwezi mmoja na nusu kabla ya kujifungua. Tena mwezi mmoja na nusu baada ya kujifungua. Na ujira wake apate."

"Tangu lini?" Legiyem akauliza.

"Ilitungwa mwaka arobaini na nane. Hapa kwetu inatumika tangu hamsini na moja."

Legiyem alihesabu kwa vidole. Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na tatu.

"Basi mwanangu alikufa sheria ipo," akasema.

Karani wa shamba alijua. Bwana Mkubwa alijua. Walijua wote, wakatunyamazia, wakapokea kuku wetu.

Jumapili Rukiyah alikuja nyumbani kwa Ponijan, nami nilikuwepo. Ponijan alimpokea kwa uso uliokunjamana.

"Nasikia wewe ni mkomunisti," akamwambia. "Watu hao hawamjui Mungu."

"Ni kweli, kaka, mimi ni mwanachama wa chama cha kikomunisti, na sikufichi. Ukikipenda, njoo. Usipokipenda, kaa nacho mbali. Chama cha wafanyakazi hakikuulizi unampigia nani kura. Lakini niambie, Karso anamjua Mungu?"

"Ijumaa yuko msikitini."

"Na Jumamosi anakula kuku wako."

Hata Ponijan alicheka. Kisha akafura. "Basi tulichome hilo banda!"

"Ulichome, ufungwe, mkeo azae peke yake? Kaa chini, kaka. Lundo likiachwa bila kupinduliwa linaungua lenyewe."

Kusema kweli, mimi sikukubali kila neno la Rukiyah. Akianza habari za Moscow, nilisinzia. Lakini sheria ile alituonyesha yeye, si mwingine.

Katika somo lililofuata akatueleza wanawake wote njia. "Mtu mmoja akiomba, huyo anaomba hisani, na hisani hunyimwa. Mkidai wote kwa barua, hiyo ni haki. Andikeni nakala tatu. Moja kwa Bwana Mkubwa, moja ofisi ya kazi mjini Medan, moja mbaki nayo. Semeni wazi: zikipita wiki tatu bila jibu, hampindui lundo. Sheria inataka mtoe taarifa kwanza."

"Tuweke dole gumba?" akauliza mmoja.

"Msiweke! Karani atasema hamkujua kilichoandikwa. Kila mtu aandike jina lake kwa mkono wake."

Tuliandika majina yetu kwa kuzunguka, kama ukingo wa sahani, ili Karso asijue nani alianza. Tulikuwa wanawake arobaini na mmoja. Legiyem alichukua muda mrefu kuliko wote. Alikandamiza penseli mpaka karatasi ikatoboka kidogo.

Barua tukazipeleka, na wiki tatu zikapita bila jibu. Siku ya kupindua lundo ikafika.

"Haya, maprofesa, simameni!" Karso akafoka.

Hakusimama mtu. Ndani ya lundo mlikuwa na bomba la mwanzi lenye kipimajoto. Kila saa karani alikitoa na kukisoma, na kila saa uso wake ulizidi kubadilika. Harufu ikawa kali. Mavuno ya msimu mzima yalikuwa humo.

Adhuhuri Bwana Mkubwa alikuja mbio, bila kofia.

"Huyu mwenye mimba akapumzike," akasema. "Nyinyi wengine fanyeni kazi!"

"Si mimi peke yangu," akasema Legiyem. Wifi yangu, ambaye hata chumvi huomba kwa kunong'ona! "Kila mwenye mimba. Na akirudi, arudi kwenye mkeka wake."

Bwana Mkubwa alilitazama lundo, akaandika ahadi hiyo, akatia saini, akanipa karatasi.

"Isome kwanza," akaniambia Rukiyah, aliyekuwa amefika na baiskeli yake kusimama nasi.

Nikaanza kusoma kwa sauti, silabi moja moja.

"Haraka, haraka!" Bwana Mkubwa akasema. "Majani yanaungua!"

"Ngoja, Bwana. Nasoma."

Nilisoma mpaka neno la mwisho. Ndipo tukasimama, tukalipindua lundo. Legiyem akaenda nyumbani.

Alijifungua mtoto wa kike, juu ya kitanda chake, mkunga akiwepo. Siku ya nne nilikwenda kwa Karso.

"Nimemfuata kuku wangu."

"Kuku gani? Alishaliwa."

"Basi nipe jogoo wako."

Nyuma yangu walisimama wanawake kumi na wawili. Karso alimkamata jogoo mwenyewe, akanipa bila kunitazama.

Tulimla siku ya tano. Alikuwa mzee, nyama yake ilitushinda meno, na Ponijan akasema hajawahi kula kitu kitamu hivyo. Mtoto tulimwita Wartini.

Kesho yake nilipita kwao alfajiri, nikienda kazini. Mtoto alilala kwenye mkeka mpya, mkono wa mama yake juu yake. Kengele ya shamba ikalia saa kumi na mbili. Legiyem aligeukia upande wa pili, akaendelea kulala.