Alama Zilizofutwa Ukutani

Jumamosi asubuhi, Chiriku alikuwa akisugua masufuria huku akiimba, kama kawaida yake, mlango ulipogongwa. Nje alisimama mwanamke asiyemjua, amevaa ovaroli, mkononi sanduku la vifaa, penseli sikioni.

"Hodi! Mimi ndiye fundi wa makabati. Miadi yetu ni kesho, lakini kesho nimebanwa. Mama yupo?"

"Yuko kazini, shangazi. Yupo bibi."

Bibi alimpigia mama simu, mama akakubali. "Karibu, mwanangu," bibi akasema. "Nilidhani fundi atakuwa baba mwenye ndevu."

"Ndevu nimeziacha nyumbani, bibi."

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu.

Fundi aliupima ukuta wa jikoni, akaugonga hapa na pale kwa kidole, kisha akachora mistari na alama tatu za X. "Penye X sitoboi ng'o," alimwambia Chiriku. "Ndani mna bomba la maji. Nikilitoboa, tutaogelea humu humu." Akatoka kwenda kushusha makabati kwenye mkokoteni, mwisho wa kichochoro.

Sasa, mama alikuwa amemwachia Chiriku kazi moja: kufuta masizi ukutani kabla fundi hajaja. Akili yake yote ikiwa kwenye mechi ya netiboli ya saa tano, alichukua kitambaa chenye sabuni. Mkono ukaenda mbio, mdomo ukiimba. Alipozinduka, ukuta ulikuwa mweupe pe. Mistari hakuna. X hakuna.

Alichomoa penseli na rula kwenye mkoba wa shule, akachora haraka haraka. X mbili alizikumbuka. Ya tatu je? Ilikuwa hapa, au pale? Aliiweka alipodhani tu.

Fundi akarudi akihema. "Lo, ukuta unang'aa! Umeusugua? Mtoto hodari wewe!"

Sifa hiyo ilimchoma Chiriku kuliko matusi. Fundi aliwasha drili, ikaanza kunguruma. Chiriku alizikumbuka sahani za mama, mwaka mzima ndani ya boksi chini ya kitanda, zikingoja kabati. Akayaona akilini maji yakiruka mpaka darini. Ncha ya drili ikagusa ukuta.

"Usitoboe!"

Drili ikanyamaza.

"Nilizifuta, shangazi. Hizi... hizi nimechora mwenyewe."

Fundi alitoa futi yake, akapima, akapima tena, kisha akaweka kidole pale pale ncha ilipokuwa imegusa. "Bomba liko hapa," alisema polepole. Akaketi juu ya sanduku lake, akajifuta jasho.

Chiriku alianza kulia.

"Futa machozi. Naanza upya, na nahitaji mtu wa kunitazamia pima maji, kabati lisikae upande. Utabaki hapa mpaka skrubu ya mwisho?"

"Nitabaki. Naahidi."

Kazi ilikwenda taratibu. Kabati la kwanza lilikuwa limeshafungwa ukutani, rafiki wa Chiriku wa timu ya netiboli alipochungulia dirishani, jasho likimtiririka.

"Chiriku! Wewe ndiye mfungaji wetu, na bado unacheza na mbao? Filimbi inakaribia!"

Kabati la pili lilikuwa limeegeshwa juu ya ubao, likisubiri skrubu. Fundi alimtazama Chiriku. "Nenda, mwanangu. Nitajikongoja."

Wiki nzima Chiriku alikuwa ameisubiri mechi hiyo. "Mwambie Kifupi wa akiba acheze nafasi yangu," alisema. Rafiki yake akasonya, akatimua mbio.

Fundi akachukua skrubu. "Nikwambie kitu? Hata mimi nimeharibu kuta za watu, tena nyingi. Ukisema kosa lingali la penseli, tunalifuta na kuchora upya. Ukilificha, siku moja tutabomoa ukuta mzima. Leo umesema mapema. Usiache tabia hiyo."

Kwa mbali filimbi ililia, kelele za washangiliaji zikapanda. Chiriku hakugeuza kichwa. Macho yake yalikuwa kwenye kiputo kidogo ndani ya pima maji.

"Inua kidogo upande wako, shangazi," alisema. "Kidogo tena. Hapo hapo. Kaza."