Vipimo vya Khamisi

"Mwantum, vipimo vya Machi na Aprili ulipima mwenyewe?"

Dokta Wambura aliuliza bila kunyanyua macho kwenye karatasi. Mwantum aliingia ofisini akitegemea pongezi. 

"Hapana, Dokta. Nina vipindi huku Dodoma. Kule Kondoa ananipimia mchumba wangu, Khamisi. Ufunguo wa kisima cha utafiti anao yeye."

"Jana nilimtuma Elisante, fundi wetu wa maabara, akakague. Huyo Khamisi hakuonekana, ikabidi akate kufuli. Kamba ya kupimia imeshuka mpaka chini, imerudi na vumbi. Kisima kina miezi kimekauka."

"Haiwezekani! Kila Jumamosi ananitumia."

Akatoa simu. Ujumbe wa mwisho ulisomeka: "Mita 14.2. Nakupenda, mke wangu mtarajiwa."

Dokta akausoma wote. Jamani, aibu zipo nyingi, lakini hii ya mwalimu kusoma mapenzi yako msiombe iwakute.

"Ufadhili huu wa uzamili wa maji mmepewa sita tu, nchi nzima. Kesho saa tatu utakaa mbele ya kamati. Aliyeleta vipimo vya uongo huwa hawamlei."

Mwantum alitoka akapiga simu palepale kwenye ngazi.

"Khamisi, Jumamosi ulipima?"

"Nilipima, mpenzi. Si nilikutumia?"

"Ulipima nini?"

Khamisi akakohoa, akaanza kuuliza habari za chuo.

"Khamisi!"

"Kilikauka Februari, Mwantum."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Si wewe uliyeniambia kisima kikikauka wanakuhamishia Kongwa? Julai ulikuwa uje nyumbani miezi sita kwa utafiti, na harusi tumeipanga humo humo. Ukienda Kongwa utarudi lini? Ninyi wasomi mkiondoka mmeondoka."

"Kwa hiyo ukawa unabuni, na kesho saa tatu mimi ndiye naitwa mbele ya kamati."

"Nilikuwa naongeza sentimita mbili tatu za kamba kila wiki, ionekane maji yanashuka taratibu."

"Yaani ulikaa chini ukafikiri! Kila ujumbe una namba, na mbele yake 'nakupenda'. Namba umebuni. Hilo neno nitalijuaje?"

Khamisi akaanza kulia. Mwanaume mzima wa Kondoa, mchana kweupe.

"Nakuja kesho. Nitawaambia mwenyewe."

Na kweli alikuja. Haki yake tumpe. Alisimama mbele ya kamati na shati lililokunjamana kwa safari, akasema yote, mpaka zile sentimita. Wazee wa kamati walinong'onezana, kisha wakatoa uamuzi: Mwantum anabaki kwenye ufadhili, vipimo vyote vinafutwa, anaanza upya Kongwa kwa mwaka mzima.

Kongwa ileile aliyoikimbia Khamisi.

Nje ya jengo akajaribu kutabasamu.

"Alhamdulillah, wamekuachia. Huo mwaka nitakusubiri."

"Usinisubiri."

"Mwantum, nimesema kweli mbele ya watu!"

"Umesema, na nashukuru. Lakini ukweli wako umenifikia baada ya kufuli kukatwa. Nikiwa mkeo nitakuwa nakagua kila unachoniambia. Siwezi kuishi hivyo, na bado nakupenda. Hilo ndilo linaloniuma."

 Khamisi akaelekea stendi peke yake. Mwantum alimtazama mpaka akapotea, ndipo akampigia mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti hiyo?"

"Waambie wazee wa kina Khamisi harusi haipo."

"Yarabi! Amekupiga?"

"Hapana."

"Ana mwanamke mwingine?"

"Hana, mama."

"Sasa kosa lake nini?"



"Aliogopa kwamba sitarudi nyumbani."



"Na wewe, utarudi?"

Mwantum alitaka kujibu, kilio kikamtangulia. Alikaa kwenye ngazi, simu sikioni, mama yake akimwita jina.